Nani amepunguza kiu ya magari, bei au sheria?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta Tanzania, lakini mwenye gari wa Dar es Salaam anajua kwamba siku yenyewe ni Jumanne. Uvumi ukishasambaa kwamba bei inapanda, jioni ile foleni ya sheli humwagika hadi barabarani. Niliwahi kukaa kwenye foleni ya aina hiyo huko Kimara, nyuma ya bajaji mbili na Toyota IST moja iliyojaa mizigo ya sokoni. Kijana wa pampu hakuwa na haja ya kuuliza ya shilingi ngapi. Kila dirisha lilitoa neno lile lile: "Jaza."

Tuliposhuka kunyoosha miguu nikamuuliza dereva wa bajaji ya mbele, "Kaka, ikipanda kesho si utapunguza mizunguko?" Akanitazama kama mtu aliyeshuka mjini juzi. "Nikipunguza, hesabu ya tajiri nailipa na nini? Nauli ndiyo itapanda, mzee. Atakayepunguza ni abiria."

Watu wote pale walikuwa wameisikia bei, tena barabara. Hata hivyo hakuna aliyepunguza lita. Walichofanya ni kuzichukua lita za Jumatano na kuzinunua Jumanne. Ndiyo maana hushtuka nikisikia mtu akisema kwa wepesi kwamba dawa ya ulaji wa mafuta ni kupandisha bei. Na hushtuka vilevile mwenzake anapodai kwamba dawa ni kuwabana wenye viwanda kwa sheria watengeneze magari yasiyokunywa sana. Kila mmoja ana ushahidi wake, na mara nyingi anausoma nusu.

Nchi iliyolijaribu jambo hili kwa muda mrefu na kwa upana zaidi ni Marekani, na sisi tuna haki ya kuwachungulia. Petroli inayochomwa na Wamarekani peke yao ni karibu mapipa milioni 9 kwa siku, wakati dunia nzima hutumia takriban mapipa milioni 100 ya mafuta ya kila aina. Kiu yao ikizidi, bei ya pipa inapanda kwa kila mtu, na dereva wa bajaji wa Kimara anaipata Jumatano.

Mambo yalianza Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zinazochimba mafuta ziliwafungia bomba marafiki wa Israel, na katika miezi michache pipa likatoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Wakati huo gari jipya la Kimarekani lilikwenda wastani wa maili 13 kwa galoni, yaani kama kilomita 5 na nusu kwa lita. Hapo tunazungumzia magari ya familia, ya kwenda kazini na kanisani, si malori. Desemba 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria iliyomtaka kila mtengenezaji ahakikishe kwamba wastani wa magari yote ya abiria anayouza mwaka 1978 unafika maili 18 kwa galoni, na ifikapo 1985 uwe maili 27.5. Kwa lugha ya kwetu, kutoka kilomita 7 na ushee kwa lita hadi karibu 12. Asiyefika alipe faini kwa kila gari alilouza. Watengenezaji kadhaa wa magari ya kifahari wa Ulaya walipiga hesabu wakaona nafuu kulipa.

Kuna jambo moja katika sheria ile ambalo watu hulisahau. Sheria hiyo hiyo iliyowaamuru wenye viwanda wapunguze kiu ya magari iliendelea kuyabana kwa bei ya serikali mafuta yaliyochimbwa nchini, yasipande. Mwendeshaji akaahidiwa vyote viwili, gari lisilokunywa sana na mafuta ya bei poa. Ukitaka kujua kwa nini wanasiasa huipenda kanuni kuliko kodi, anzia hapo.

Matokeo yalionekana haraka. Kufikia 1987 magari mapya ya Marekani, ukijumlisha na pikapu, yalikuwa yakienda wastani wa kama maili 22 kwa galoni. Lakini kati ya 1975 na 1987 kulikuwa na 1979, mwaka wa mapinduzi ya Iran, ambao bei iliruka tena na Wamarekani wakakimbilia vigari vya Kijapani bila kusukumwa na mtu. Basi sifa apewe nani?

David Greene, mtafiti wa maabara ya Oak Ridge, alilitafutia jibu mwaka 1990. Aliwalinganisha watengenezaji ambao kanuni iliwabana kwelikweli na wale, hasa Wajapani, ambao tayari walikuwa juu ya kiwango na hivyo hawakuwa na la kuogopa isipokuwa soko. Alihitimisha kwamba sheria ilikuwa na uzito angalau mara mbili ya bei. Mwaka 2002 kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani nayo ikasema kwamba kama magari yasingeboreshwa tangu miaka ya sabini, nchi ingekuwa ikichoma mapipa milioni 2.8 zaidi kila siku, na kwamba kanuni ilichangia waziwazi. Ripoti hiyo hiyo ilikuwa na ukurasa wa huzuni: wengi wa wajumbe waliona kwamba kupunguzwa kwa uzito na ukubwa wa magari huenda kuliongeza vifo vya ajali kati ya 1,300 na 2,600 katika mwaka mmoja wa 1993.

Mimi kipimo changu ni cha kienyeji zaidi. Mwaka 1986 bei ya pipa iliporomoka vibaya. Kama bei ndiyo iliyofanya kazi yote, magari ya abiria yangerudia ulevi wao. Hayakurudi. Wastani wake ulibaki pale pale karibu na maili 27 au 28 kwa galoni miaka nenda miaka rudi, kwa sababu sheria iliweka sakafu. Kwa hiyo sheria ilishika. Tatizo ni kwamba watu waliyahama magari ya abiria.

Waliotunga sheria ya 1975 waliwaonea huruma wakulima na mafundi. Wakaweka kundi la pili, la pikapu na magari ya kazi, lenye kiwango cha chini zaidi. Kuanzia 1996 hadi 2004 kiwango cha kundi hilo kiliganda kwenye maili 20.7. Viwanda vikauona mlango. Wakachukua chasisi ya pikapu, wakaweka bodi ya familia, viti vya ngozi na kishikio cha kikombe kwa kila abiria, na gari likaingia kwenye daftari la serikali kama chombo cha kazi. Hata PT Cruiser ya Chrysler, kigari kifupi kilichofanana na teksi ya zamani, kilihesabiwa kuwa lori dogo kwa sababu viti vyake vya nyuma viliweza kuondolewa na sakafu ikabaki tambarare. Subaru ikainua kidogo Outback yake ya mwaka 2005, hata ile ya umbo la saluni, ikawa lori kisheria. Mwaka 1975 magari ya kundi hili yalikuwa moja kati ya matano mapya. Mwanzoni mwa karne hii yalishafika karibu nusu, na leo yamepita nusu kwa mbali.

Hapa inafaa kutoa kalamu na karatasi, maana jicho hudanganywa na hesabu hii. Chukua Land Cruiser linalokwenda kilomita 5 kwa lita. Lirekebishe lifike 7. Katika safari ya kilomita 1,000 lilikuwa likinywa lita 200, sasa linakunywa 143. Umeokoa lita 57. Halafu chukua IST inayokwenda kilomita 14 kwa lita, uifanyie maajabu ifike 20. Ilikuwa ikinywa lita 71, sasa 50. Umeokoa 21. Kilomita 2 za kwenye Land Cruiser zimeokoa mafuta zaidi ya mara mbili ya zile 6 za kwenye IST. Sasa rudi kwa wabunge wa 1975: palipokuwa na lita nyingi za kuokoa ndipo walipolegeza kamba.

Na kulikuwa na ngazi ya tatu, ya juu kabisa. Gari ambalo uzito wake pamoja na mzigo linaoruhusiwa kubeba ulizidi pauni 8,500, karibu kilo 3,850, halikuhesabiwa kabisa. Hummer H2, lililoingia sokoni 2002, lilikuwa humo. Mnunuzi alitoka nalo dukani bila hata lebo ya kumwambia linakula kiasi gani. Mbele ya sheria ya matumizi ya mafuta, Hummer lilikuwa hewa.

Kilichoimaliza Hummer ni bei. Tarehe 11 Julai 2008 pipa lilifika dola 147, na wastani wa bei ya petroli Marekani ukapita dola 4 kwa galoni. Mwezi mmoja kabla, General Motors ilikuwa imeshatangaza kwamba itafunga viwanda vinne vya pikapu na magari makubwa, na kwamba Hummer yenyewe huenda ikauzwa. Alipatikana mnunuzi mmoja wa China, biashara ikavunjika, na 2010 jina likazikwa. Maili walizoendesha Wamarekani mwaka 2008 zilishuka, jambo la nadra sana kwao. Tuwe wakweli, sehemu ya kushuka huko ilikuwa ya mdororo wa uchumi. Lakini mdororo peke yake hauelezi kwa nini mtu aache Hummer dukani aulizie Prius.

Ila bei ina ugonjwa wake: haina kumbukumbu. Kufikia Desemba 2008 galoni ilikuwa chini ya dola 2. Mwanzoni mwa 2016 ilishuka tena chini ya hapo, na magari makubwa yakarudi kwa kishindo. Aprili 2018 Ford ikatangaza kwamba itaacha karibu saluni zake zote Amerika Kaskazini, ibaki na Mustang. Hata jina la Hummer lilifufuka, safari hii la umeme, lenye uzito wa zaidi ya tani 4.

Sasa bei hupunguza kiasi gani hasa? Wachumi hupima kwa kitu wanachokiita unyumbufu wa mahitaji: bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi yanashuka asilimia ngapi. Mwaka 1998 Molly Espey alikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, na wastani aliopata ni kama asilimia 2.6 katika muda mfupi na 5.8 katika muda mrefu. Tofauti ya muda mfupi na mrefu ndiyo kiini cha mambo. Wiki hii huwezi kuhama nyumba, huwezi kuuza gari, mtoto lazima afike shule. Miaka mitano ijayo utakuwa umeuza gari, pengine umehamia karibu na kazi, na kiwanda kimeleta modeli nyingine.

Kisha wakaja Hughes, Knittel na Sperling mwaka 2008 na takwimu iliyowatia watu ganzi. Kati ya 1975 na 1980 Mmarekani alipunguza petroli kwa asilimia 2.1 hadi 3.4 kwa kila asilimia 10 za bei. Kati ya 2001 na 2006 alipunguza chini ya asilimia 1. Waliopenda kanuni walishangilia: tazama, bei haifanyi kazi tena! Sababu zinaeleweka. Kipato kilikuwa kimepanda, hivyo mafuta yalikuwa tundu dogo zaidi mfukoni. Miji ilikuwa imetanuka, na mtu wa vitongoji vya Houston au Atlanta hana daladala ya kukimbilia bei inapomchoma.

Lakini takwimu ile inapima mwitikio wa miezi, na inapima bei ya soko inayopanda na kushuka. Mtu akijua kwamba bei itashuka mwezi ujao, kwa nini auze gari lake? Mwaka 2014 Li, Linn na Muehlegger walionyesha kwamba petroli ikipanda senti kadhaa kwa sababu ya kodi, watu hupunguza zaidi kuliko ikipanda senti zile zile kwa sababu ya soko. Kodi hutangazwa, hujadiliwa na hukaa. Bei ya soko ni mvua ya rasharasha, unajikinga chini ya mti ukisubiri ipite. Na watatu wengine, Busse, Knittel na Zettelmeyer, walitazama madukani badala ya pampuni. Galoni ikipanda dola 1, sehemu ya soko ya robo ya magari mapya yanayokunywa kidogo zaidi inapanda kwa asilimia 21, na ya robo inayokunywa zaidi inashuka kwa asilimia 27. Huko ndiko bei inakofanya kazi yake kubwa, dukani, kimyakimya, na matunda yake yanaonekana barabarani baada ya miaka.

Upande wa sheria nao una pepo wake wa zamani. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba mashine ya mvuke ya Watt, iliyotumia makaa kidogo kuliko zilizotangulia, haikupunguza makaa yaliyochomwa Uingereza. Iliyaongeza, kwa sababu nguvu ilirahisika na kila kiwanda kikaitaka. Wapinzani wa kanuni hupenda kumwita Jevons kila mjadala unapochacha: gari likila kidogo, kilomita inakuwa rahisi, mtu ataendesha zaidi, na tutarudi tulikotoka.

Wazo ni la kweli, kipimo ndicho kinachotiwa chumvi. Wachumi Small na Van Dender walipima Marekani kuanzia 1966 hadi 2001, wakakuta kwamba katika muda mrefu kama asilimia 22 ya akiba hurudi barabarani kwa njia hii. Walipotazama miaka ya mwisho peke yake, watu walipokuwa na kipato kikubwa zaidi, ikawa kama 11. Tuseme gari lako lilikwenda kilomita 10 kwa lita na sasa linakwenda 12.5. Kwa kilomita 1,000 za mwezi ulitumia lita 100, sasa ungetumia 80. Kwa sababu kilomita imekuwa rahisi, unazunguka kidogo zaidi, unatumia 82 na ushee. Hapo Jevons amekula lita mbili na ushee kati ya 20.

Kinachokula akiba kwa pupa ni kitu kingine. Knittel alikokotoa kwamba kama Wamarekani wangebaki na uzito na nguvu za magari ya 1980, maarifa ya uhandisi yaliyopatikana hadi 2006 yangeongeza umbali kwa galoni kwa karibu asilimia 60. Uhandisi ulikuwepo. Uliliwa na nguvu za farasi na uzito wa bati. Sheria iliyoganda iliruhusu hivyo, na petroli rahisi ikashawishi. Ukitaka mfano wa kanuni bila bei, ni huo.

Kuna uvujaji mwingine unaotuhusu sisi moja kwa moja. Kanuni hulenga gari jipya, na hulifanya liwe ghali kidogo. Gari jipya likiwa ghali, la zamani linatunzwa, linapigwa rangi, linaendelea kuishi. Jacobsen na van Benthem walikadiria mwaka 2015 kwamba asilimia 13 hadi 16 ya akiba inayotarajiwa Marekani hupotelea kwenye soko la mitumba. Kodi ya mafuta haina udhaifu huo, kwa sababu inalifikia gari jipya na kuukuu kwenye pampu ile ile.

Sisi tunaishi kwenye soko hilo la mitumba. Barabara za Dar es Salaam na Mombasa zimejaa magari yaliyozaliwa Japani, chini ya kanuni za Kijapani zilizokazwa mwishoni mwa miaka ya tisini, zikimtaka kila mtengenezaji amfikie aliye bora kuliko wote katika kundi lake. IST, Vitz na Passo zilibuniwa kwa ajili ya nchi ambayo kodi ya gari hupanda na ukubwa wa injini. Nidhamu ya Tokyo ilitufikia imetumika miaka kumi na kuoshwa bandarini. Mwenye IST ya cc 1300 anajiona amechagua kwa akili, na kweli amechagua, lakini menyu iliandikwa na wengine.

Kuhusu gharama, wachumi wengi wana jibu moja, na sioni sababu ya kuwapinga. Valerie Karplus na wenzake walikadiria mwaka 2013 kwamba kupunguza kiasi kile kile cha petroli kwa kanuni kunaigharimu Marekani angalau mara 6 hadi 14 ya kukipunguza kwa kodi. Sababu inaeleweka bila fomula. Kodi inamfikia yule ambaye kupunguza kwake ni rahisi, awe ni kuacha safari moja, kupanda gari la mwenzake au kununua injini ndogo. Kanuni inajua njia moja tu, nayo ni gari jipya.

Mbona basi hakuna anayeithubutu kodi? Muulize Emmanuel Macron. Novemba 2018 Wafaransa walivaa vizibao vya njano wakafunga makutano ya barabara kwa sababu ya nyongeza ya kodi ya mafuta iliyokuwa ianze Januari 2019, na Desemba ile ile serikali ikarudi nyuma. Uingereza ilikuwa na utaratibu, ulioanza 1993, wa kupandisha ushuru wa mafuta kila mwaka kupita mfumuko wa bei. Uliachwa, na hata hivyo Septemba 2000 wenye malori na wakulima walizingira maghala ya mafuta nchi ikakaribia kusimama. Kanuni haifungi barabara. Gharama yake imefichwa ndani ya bei ya gari jipya, na mnunuzi anamlaumu muuzaji.

Nikitoa hukumu: kinachopunguza mafuta zaidi ni bei, kwa sharti kwamba iwe bei inayokaa, maana yake kodi iliyotangazwa mapema na isiyorudishwa nyuma kila uchaguzi unapokaribia. Bei inayoruka na kuanguka hutuletea foleni za Jumanne na kuua Hummer moja kwa muda. Kanuni inakuja ya pili. Kazi yake ya maana ni kushika sakafu bei inaposinzia, kama ilivyofanya baada ya 1986, lakini iwe kanuni isiyo na makundi, kwa sababu kila kundi jepesi unaloandika kwenye sheria litapata gari lililobuniwa kulijaza. Wamarekani hawakujifunza hata hilo. Marekebisho ya baadaye yaliunganisha kiwango na eneo la gari kati ya magurudumu yake, kwamba kubwa lidaiwe kidogo. Mbuni wa magari anayejua kusoma ameshaelewa afanye nini.

Je, hukumu hiyo inavuka bahari? Nusu tu. Kwetu sehemu kubwa ya bei ya lita tayari ni kodi na tozo. Kenya mwaka 2023 iliongeza kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba lita ya petroli Nairobi ikapita shilingi 211. Anayeumia kwanza ni yule wa Kimara ambaye hawezi kupunguza mizunguko, kisha abiria wake, ambaye anashuka na kutembea. Hayo nayo ni mafuta yaliyopunguzwa, kwenye takwimu yanahesabika, lakini sitamwita mtu anayetembea kutoka Kimara hadi Ubungo kwa kukosa nauli kuwa mafanikio ya sera. Bei hupunguza mafuta bila kuumiza pale tu mtu anapokuwa na pa kukimbilia. Mwenye gari wa Kimara tangu Mei 2016 anaweza kuliacha nyumbani akapanda mwendokasi hadi Kivukoni, basi likiwa na nafasi ya kusimama. Wa pembezoni zaidi hana.

Kwa hiyo kwetu mahali pa kubana ni bandarini, siku ambayo gari linalipiwa ushuru. Tanzania na Kenya zote hutoza kwa kutazama ukubwa wa injini na zinaogopa magari makuukuu, Kenya kwa kukataa yaliyozidi miaka minane, Tanzania kwa kuyaongezea ushuru. Hiyo ndiyo kanuni yetu, ingawa hatuiiti hivyo, na tofauti kati ya tozo ya IST na ya shangingi ingeweza kupanuliwa bila kumgusa dereva wa bajaji hata kidogo. Mashangingi mengi yanajazwa kwa pesa ya umma, na anayeyapanda haioni bei ya Jumatano. Kwake yeye kodi ya mafuta ni hadithi. Ethiopia imekwenda mbali kuliko wote: mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa hoja ya fedha za kigeni zinazoishia kwenye mafuta.

Marekani, yenye watafiti wote hawa, ilikuwa na vyombo vyote viwili mkononi. Kodi ya shirikisho ya petroli ni senti 18.4 kwa galoni, kiasi kile kile cha mwaka 1993, na mfumuko wa bei umeshakula zaidi ya nusu ya thamani yake. Kanuni ya 1975 nayo bado imo vitabuni. Tangu Julai 2025, faini ya kampuni isiyoifikia ni dola sifuri.